Simu ya Nyumbani Iko Mfukoni mwa Nani? Swali la Hela kwa Mkulima wa Biashara

Msimu ukikaribia, maswali mengi ninayopata kwa vijana ni ya mbegu, mbolea na soko. Ni sawa kabisa. Ila kuna kitu wengi hawakiandiki kwenye daftari la gharama: ndani ya familia nani ana simu, laini imesajiliwa kwa jina la nani, na hela ya mavuno inaingia kwenye namba ya nani.

Najua kuna atakayesema hii ni mada ya semina za jinsia, siyo ya kilimo biashara. Ndugu yangu, subiri kidogo, twende taratibu.

Anayeliona shamba siye anayepata ujumbe

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilieleza kwamba wanawake ni kama asilimia 43 ya nguvukazi ya kilimo katika nchi zinazoendelea. Likasema pia kwamba wangepata pembejeo, mikopo na ushauri sawa na wanaume, mavuno ya mashamba yao yangeweza kupanda kwa asilimia 20 hadi 30. Mwanamke anajua kulima. Shida ni kwamba vinavyohitajika kulimia havimfikii kwa usawa. Na miaka hii ushauri, ruzuku na malipo vyote vimehamia kwenye simu.

Tuchukue mahindi. Kiwavijeshi vamizi tunaye tangu mwaka 2017. Mayai yake yanaanguliwa ndani ya siku chache tu, na dawa inafanya kazi vizuri kiwavi akiwa bado mdogo. Akishakua anazama ndani ya moyo wa mmea, hapo unamwaga dawa juu na yeye yuko chini anakula. Sasa nani anayaona majani yenye matundu mapema? Ni yule anayepalilia, na sehemu nyingi huyo ni mke, mama au dada. Tahadhari inatumwa kwenye simu ya mume, ambaye yuko kwenye bodaboda au mnadani mpaka jioni. Simu ikirudi nyumbani imezima chaji. Siku tatu zimepita, na hizo siku tatu ndizo ulizokuwa unazihitaji.

Mbolea ya ruzuku ni hivyo hivyo. Tangu msimu wa 2022/2023 mkulima anaandikishwa kwenye mfumo pamoja na namba yake ya simu. Mama aliyeandikishwa kwa namba ya mtoto wake aliyehamia Dar es Salaam, kila ujumbe unaokuja inabidi abembeleze atumiwe. Mtoto akibadilisha laini, mama anaanza upya kuzunguka ofisi ya kijiji wakati mahindi yanasubiri mbolea ya kukuzia.

Kwenye muhogo ndiyo kabisa. Kuna programu inaitwa Nuru, ya PlantVillage. Unaelekeza kamera kwenye jani, inakusaidia kutambua batobato na michirizi kahawia. Inaongea Kiswahili, na ukishaipakua inapima jani hata pasipo mtandao. Kitu kizuri sana! Lakini inataka simu janja. Muhogo vijijini mwetu mara nyingi uko mikononi mwa akina mama, na mama wengi wana kitochi, au hawana hata hicho. Chombo kipo, shida ipo, ila havijakutana.

Kukosa simu kuko kwa namna tatu

Wa kwanza ni yule asiye na simu kabisa. Huyu anaonekana.

Wa pili ana simu mkononi lakini laini si ya jina lake. Tangu usajili wa alama za vidole kwa namba ya NIDA, kuna wanawake wengi waliosajiliwa na mume, kaka au jirani kwa sababu wao hawakuwa na namba ya NIDA wakati ule. Leo simu ikiibiwa, hawezi kurudisha laini bila mwenye kidole. Ugomvi ukitokea, hela iliyomo si yake. Na miezi yote aliyopokea na kutuma hela haimjengei jina kwenye huduma za akiba na mikopo kama M-Pawa, maana mfumo unamtambua mwingine.

Wa tatu ana simu na laini ni yake, ila anajua kupiga na kupokea tu. Kutoa hela anampa wakala simu na namba ya siri pamoja. Hapo mlango uko wazi kwa mwizi.

Ukijua familia yako iko kundi gani, unajua pa kuanzia.

Ufanye nini msimu huu

1. Kagua usajili. Piga *106# kwenye kila laini inayotumika shambani kwenu. Laini ambayo si ya jina la mtumiaji, maliza hilo kabla mvua hazijaanza. Asiye na namba ya NIDA aanzie huko.

2. Namba ya anayesimamia shamba ndiyo iandikwe. Kwenye ruzuku, kwenye AMCOS, kwenye daftari la mnunuzi. Kama mama ndiye analima ekari zake mbili, aandikishwe yeye kwa namba yake.

3. Lipa aliyepima mzigo. Wewe kijana unayekusanya mahindi, alizeti au mboga kwa wakulima wadogo, tuma hela kwenye namba ya aliyeleta mzigo kwenye mzani. Akina mama wakiona hela inafika kwao, msimu ujao watachambua vizuri na kukuletea wewe kwanza. Hii ni biashara, siyo hisani.

4. Anza na kitochi. Usisubiri simu janja. *152*00# ni menyu ya huduma za Serikali, na huduma ya kilimo imo humo. Haihitaji bando. Mwenye simu janja kwenye kikundi awe anapiga picha za wadudu na majani kwa niaba ya wenzake, na siku yake ijulikane.

5. Fundisha, usimfanyie. Simu ibaki mkononi mwa mwenyewe, wewe elekeza kwa mdomo. Arudie mara tatu kutuma shilingi elfu moja. Asiyesoma vizuri mtumie ujumbe wa sauti, sio maandishi marefu.

6. Chaji na muda. Taa ndogo ya sola yenye sehemu ya kuchajia simu inaondoa safari ya kwenda senta. Na mafunzo yasipangwe asubuhi ya kuchota maji wala jioni ya kupika. Waulize wenyewe saa ngapi wana nafasi.

Kwa mabinti mnaolima kibiashara: laini ya biashara iwe yako, sio ya mchumba. Kikundi chenu kikitaka mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya wanawake au 4 ya vijana, kumbukumbu za mauzo kwenye simu zitawasaidia kuonyesha kwamba mnafanya kazi kweli.

Wivu, matapeli na kausha damu

Tusifichane. Kuna wanaume wanaogopa kwamba mke akiwa na simu yake "ataharibika". Maneno haya nayasikia sana kwenye kata. Mtu wa hivyo ukimpigia kelele za haki hakusikii. Mwanzishie kwenye hesabu: daftari moja la shamba, wote wawili wanaandika kilichoingia na kilichotoka. Akiona mbolea imefika kwa wakati na deni la duka limepungua, mdomo unapungua wenyewe. Lakini namba ya siri ni ya mtu mmoja, hata kwenye ndoa.

Hatari nyingine ipo pia. Anayeanza kutumia simu ndiye anayewindwa na matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mfundishe kupeleka ujumbe huo kwenda 15040 na kutojibu chochote. Na mikopo ya haraka ya kwenye simu isiyoeleweka riba, ni kausha damu ile ile, imebadilisha nguo tu. Asikope hela ya kurudisha ndani ya mwezi kwa zao la miezi minne.

Kabla hujanunua mbegu msimu huu, kaa na wenzako wa nyumbani jioni moja, simu zote mezani. Andikeni: namba ipi, jina la nani, inapokea nini. Mkikwama kwenye uandikishaji, muoneni afisa ugani wa kata yenu, na aje yule mwenye shamba mwenyewe, akiwa na namba yake ya NIDA na simu yake.

Nawatakia msimu mwema wenye tija.