Tope la Ziwani Halisahau

Mpenzi msikilizaji, ukisimama Milanzi, jirani na mji wa Sumbawanga, siku ya mvua kubwa, utaona maji ya mifereji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Huo si uchafu tu. Ni shamba la mtu linasafiri. Maji ya upande wa mashariki wa uwanda wa Ufipa huteremkia Ziwa Rukwa, na ya magharibi huteremkia Ziwa Tanganyika. Hebu tujiulize, udongo huo ukifika huko unakuwaje?

Mto unapoingia ziwani hupoteza mbio, ukatua mzigo wake. Mchanga mzito huzama kwanza, karibu na mlango wa mto. Tope laini huenda mbali zaidi. Mwaka hadi mwaka mzigo huo hurundikana na kujenga nchi mpya iitwayo delta. Tabaka la chini ni la zamani, la juu ni la juzi.

Wataalamu hushindilia bomba refu katika tope hilo, wakalitoa limejaa, wakalipasua kwa urefu wake na kulisoma kuanzia chini. Wakikuta mchanga juu ya tope laini, huenda delta ilisogea mbele au ziwa lilipungua. Wakikuta tope laini juu ya mchanga, huenda ziwa lilijaa au mto ulihamia kwingine. Chavua ya mimea huwaonyesha kama palikuwa na msitu au majani, na vipande vya mkaa huwaonyesha moto. Umri wa tabaka za kale hupimwa kwa kaboni. Zile za miaka mia moja hivi hupimwa kwa aina ya risasi ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka 22.

Mwaka 1996 tope la Ziwa Rukwa lilitobolewa karibu mita 13, likatoa historia ya miaka ipatayo 23,000. Leo ziwa hilo ni la kina kifupi. Lakini miaka 10,000 hivi iliyopita lilikuwa na kina kirefu sana, hata likamwagikia Tanganyika.

Hapo wengine watasema: "Kumbe ni mvua tu! Jembe letu lina kosa gani?"

Jibu lilipatikana Tanganyika. Mwaka 1998 watafiti walichukua tope mbele ya delta kadhaa za pwani ya Burundi na Tanzania. Baadhi zilikuwa za mito ya mabonde yaliyofyekwa, nyingine za mito ya misitu ya hifadhi kama Mahale. Kaskazini, ambako watu walikuwa wengi, dalili za udongo kumomonyoka zilianza tangu mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Upande wa Tanzania zilionekana zaidi katika karne ya 20. Kisha zikaja mvua kubwa za 1961 na 1962. Zilinyesha juu ya msitu na juu ya shamba bila ubaguzi, lakini pale milima ilipokuwa imevuliwa nguo, tope liliongezeka kwa kasi. Viumbe wadogo wenye magamba, waliokuwa wakiishi sakafuni mwa ziwa, baadhi yao walitoweka mahali hapo.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, mvua hatuiamuru, lakini inakuta nini ardhini ni shauri letu. Wazee wa Kifipa walilijua hilo. Katika ntumba walifukia majani chini ya udongo yaoze yawe mbolea, hawakuyachoma. Tukilima kwa kukinga mteremko, tukaacha miti kandokando ya mito, mkulima wa Milanzi atabaki na udongo wake, na mvuvi wa Rukwa atabaki na ziwa lake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na shamba likishafika ziwani, hakuna awezaye kulipandisha tena mlimani.