Uhakika wa ushahidi katika mapitio ya kimfumo bila metaanalisisi

Uhakika wa ushahidi ni kadirio la kiasi ambacho matokeo ya tafiti yanaweza kuaminiwa. Mapitio ya kimfumo hukusanya tafiti zote kuhusu swali moja, na mara nyingi huzijumlisha kitakwimu kupata namba moja. Hiyo ndiyo metaanalisisi. Tafiti zikitofautiana mno, namba hiyo haina maana. Uhakika bado hupimwa, ila hueleza kwa maneno na majedwali.

Mfano mzuri ni dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu jijini Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 2004 mradi wa kudhibiti malaria ulifuatilia kata 15 za Ilala, Kinondoni na Temeke. Mwaka 2006 dawa ya kibaiolojia iitwayo Bti ilianza kuwekwa kwenye madimbwi na mifereji ya kata 3, kisha nyingine zikaongezwa. Kata hizo hazikuchaguliwa kwa kura. Uchambuzi wa mwaka 2009 ulikadiria kwamba uwezekano wa kukutwa na vimelea ulipungua kwa asilimia 72. Ule wa mwaka 2013, wenye takwimu za muda mrefu zaidi, asilimia 21. Mwelekeo ni mmoja, lakini ukubwa umeachana sana.

Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2019 yalikuta tafiti nne tu zilizofaa: za Tanzania, Kenya, Gambia na Sri Lanka. Yalihitimisha kwamba dawa za kuua viluwiluwi huenda zinapunguza malaria pale mazalia yanapokuwa madogo. Kwa mazalia makubwa haijulikani. Neno "huenda" si la mapambo. Katika mfumo wa GRADE, wenye ngazi nne (juu, wastani, chini, chini sana), ndilo neno la ngazi ya chini. Tafiti zisizopangwa kwa kura kwa kawaida huanzia ngazi hiyo, na hushuka zaidi zikiwa na upendeleo, zikipingana, zikiwa na watu wachache au zisipolingana na swali. Ngazi ya chini haisemi kwamba dawa imeshindwa. Kwa halmashauri zilizoagizwa na Rais Magufuli mwaka 2017 kununua viuadudu vya kiwanda cha Kibaha, tofauti hiyo inagusa bajeti.

Kosa la kawaida ni kuhesabu tafiti ngapi "zimefaulu" na ngapi "zimefeli", kana kwamba utafiti wa watu mia una uzito sawa na wa maelfu. Mwongozo wa SWiM, uliotolewa mwaka 2020 ukiwa na vipengele 9, unawataka waandishi waeleze walivyopanga tafiti katika makundi, kipimo walichotumia na sababu ya kutojumlisha.