Oili ya Pikapu Yako Ipimwe Kabla ya Kutupwa

Ukitoka Singida kuelekea Manyoni, barabara hugawanyika hapo Mkiwa. Ya lami inaendelea hadi Dodoma, nyingine inakata kwenda Itigi, Rungwa na mwishowe Mbeya. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya njia hiyo ya pili imekuwa ya vumbi, na kiangazi cha Singida ni kirefu. Mwenye pikapu mpya ya dizeli anayebeba alizeti au mizigo ya mnadani huku anaivutisha injini yake vumbi safari nzima.

Kwenye gereji nyingi fundi huchovya kidole, akaiona oili nyeusi, akasema imechoka. Weusi huo hautoshi kuwa ushahidi. Oili ya dizeli hubadilika rangi mapema kwa sababu ya masizi, hata injini ikiwa nzima. Kinachoiua injini hakionekani kwa macho: chembe za chuma, mchanga laini, dizeli au maji ya rejeta yaliyopenya.

Hayo hugunduliwa maabara. Nchini Marekani, shirika la reli la Denver and Rio Grande Western lilianza kupima hivyo oili ya injini zake za treni mwaka 1946. Hapa kwetu, migodi mikubwa ya Kanda ya Ziwa hupima oili ya mitambo yake kama sehemu ya matengenezo. Wenye gari moja moja ndio hawajazoea.

Majibu huonyesha kila madini yamo sehemu ngapi kwa milioni. Kwa gari la Mkiwa, anza na silikoni, maana ndiyo alama ya vumbi. Ikipanda pamoja na aluminiamu, chuma na kromiamu, vumbi linapita na kusaga pistoni, silinda na ringi. Kagua chujio la hewa, mpira wake na bomba lote hadi kwenye injini. Risasi na shaba zikipanda, shuku beringi. Sodiamu na potasiamu huashiria maji ya rejeta. Oili ikiwa nyepesi kupita kiasi na kina chake kwenye kijiti kinaongezeka, dizeli inachanganyika nayo: huenda nozeli inavuja. Kwa magari mapya yenye chujio la masizi kwenye ekzosi, huenda dizeli ya ziada inayochoma masizi hayo ndiyo inayoteremka, hasa kwa safari fupi.

Mwenye gari jipya asitishwe na majibu ya kwanza. Vyuma vipya husuguana hadi vizoeane, hivyo chuma na shaba huwa juu mwanzoni. Silikoni nayo hutoka kwenye gundi ya gasketi za kiwandani. Ikiwa juu peke yake, bila aluminiamu na chuma kuongezeka, mara nyingi si vumbi.

Kuchukua sampuli ni rahisi. Injini iwe ya moto, acha oili ya mwanzo imwagike, kisha kinga ya katikati kwenye chupa safi na kavu. Andika kilomita za gari, kilomita za oili hiyo, aina yake, na kiasi ulichoongeza njiani.

Majibu ya mara moja husema kidogo. Ya pili na ya tatu ndiyo huonyesha injini inakoelekea. Kwa hiyo anza kwenye servisi ijayo, na kila karatasi ya majibu itunze pamoja na kadi ya gari.