Tunza betri ya gari, okoa mtaji

Msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, magari ya mizigo yaliyoegeshwa kwa miezi kadhaa Kahama, Kishapu na Bukombe hutakiwa kwenda vijijini. Baadhi hukataa kuwaka. Mwenye gari hulalamika kuwa aliuziwa betri feki, ananunua nyingine, na mwaka unaofuata habari ni ile ile.

Betri feki zipo, lakini hata betri nzuri hufa mapema isipotunzwa. Tufanye hesabu. Tuseme betri moja ni Sh240,000. Ikifa baada ya miezi 12, imekugharimu Sh20,000 kwa mwezi. Ikidumu miezi 48, gharama inashuka hadi Sh5,000. Hapo hatujahesabu mzigo uliobebwa na mwenzako.

Adui wa kwanza ni kukaa bila chaji. Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika saa kadhaa, husoma takriban volti 12.6. Ikiachwa chini ya 12.4 kwa wiki nyingi, salfeti huganda kwenye mabamba ya risasi na baadaye haitoki hata ukichaji. Gari likiegeshwa, chomoa waya wa hasi na uichaji betri kila mwezi. Kuunguruma kwa dakika tano hakutoshi.

Adui wa pili ni joto, ambalo hupunguza maji haraka. Kwa betri zenye vifuniko vya kufungua, kagua kila mwezi: maji yafunike mabamba kwa takriban sentimita moja. Ongeza maji safi ya betri yasiyo na chumvi, si ya kisima wala ya bomba. Usiongeze asidi, kwani maji yanapopungua asidi hubaki ndani. Yakiisha haraka kupita kawaida, fundi apime chaji ya alteneta: injini ikiwaka, kila betri isome kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi.

Adui wa tatu ni mtikisiko. Katika barabara za vumbi za kwenda machimboni Nyarugusu au Rwamgasa, betri isiyofungwa vizuri hupukutisha mabamba yake. Kaza kibano, safisha vichwa kwa maji ya moto, kisha paka grisi. Unapofungua, anza na hasi. Unapofunga, hasi iwe ya mwisho. Usisogeze sigara wala moto, maana gesi ya betri hulipuka.

Aidha, wapo wanaotumia betri ya gari kuwasha taa na kuchaji simu usiku kucha kwenye maduara. Betri hiyo imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, si kukamuliwa hadi asubuhi. Kwa kazi hiyo nunua betri ya sola.

Wenye magari ya pamba wasisubiri Mei. Betri ipimwe na kuchajiwa mwezi Aprili, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha kasoro kabla mzigo haujaanza kudai usafiri.