Taa za Gari la Wakfu na Mtu Anayekuja Mbele

Gari la wakfu la msikiti wetu hapa Kilosa ni Toyota Celica ya mwaka 1975: milango miwili, pua ndefu, taa nne za duara mbele. Wageni hulicheka. Gari la mbio, wanasema, kwa kazi ya kumpeleka mwalimu wa darsa Mikumi! Lakini marehemu aliyeliacha alilipenda, warithi wake wakaliweka wakfu kwa safari za masheikh, wagonjwa na waendao kuzika, nasi katika Kamati tukalipokea kama lilivyo. Kwa madhehebu yetu ya Shafi wakfu hauuzwi kwa sababu ndogo, na taa dhaifu tuliihesabu kuwa sababu ndogo. Hivyo ndivyo tulivyodhani hadi Ramadhani iliyopita.

Vijana wetu, kwa upande wao, hawalicheki. Wanajua kwamba Celica za miaka ya themanini, wadogo wa gari hili kwa ukoo, zilishinda Safari Rally nchini Kenya miaka mitatu mfululizo: 1984 na 1986 mikononi mwa Björn Waldegård, na 1985 mikononi mwa Juha Kankkunen. Wanalijua hilo kuliko wanavyozijua hesabu za mirathi, lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.

Safari zenyewe ndizo zilizotutia hofu. Kutoka Kilosa tunapitia Ulaya hadi Mikumi, na mara nyingine mgonjwa wa Mikumi hulazimika kufikishwa Morogoro usiku huohuo. Hapo hakuna budi kuifuata barabara kuu itokayo Zambia kwenda Dar es Salaam, ambayo hukatisha katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa umbali wa kilomita zipatazo hamsini. Kila msafiri anayajua matuta yake, na anaujua ubao wenye orodha ya faini kwa kila mnyama anayegongwa. Swala macho yake hung'aa yanapopigwa na taa. Nyati ni kipande cha giza ndani ya giza. Na twiga, kwa taa zilizoshushwa, huonekana miguu tu, na dereva mchovu huweza kuidhani miti. Kwa taa zetu za zamani, zenye wekundu wa kibatari, dereva alikuwa akiendesha kwa dua.

Mmoja wa vijana wetu, kwa nia njema kabisa, akanunua balbu za LED za bei nafuu na kuzipachika mahali pa zile za zamani. Weupe wake ulitupendeza sote. Tulimpongeza mbele ya jamaa.

Usiku mmoja baada ya tarawehe gari likirejea kutoka Mikumi, kijana wa bodaboda alikuwa akija mbele. Dereva wetu alishusha taa kama inavyompasa, lakini mwanga ule haukujua kushuka. Yule kijana akaiacha barabara, akaingia mtaroni na kuvunjika mtulinga. Ni baba wa watoto wawili. Gari letu halikumgusa hata kidogo, na hilo ndilo neno la kwanza lililosemwa Kamati ilipokutana: "Hatukumgusa." Imamu hakujibu. Akaomba twende hospitali tukamsikilize mwenyewe. Yule kijana akatuambia, "Sikuona gari wala barabara. Niliona weupe tu, nikawa kama kipofu."

Tuliporudi hapakuwa na mjadala mrefu. Kanuni ya mafakihi kwamba madhara huondolewa haimtazami aliyegusa peke yake. Na ikiwa Mtume (s.a.w.) aliihesabu hata kazi ya kuondoa udhia njiani kuwa tawi la imani, basi sisi tulikuwa tumeuweka udhia huo njiani, tena juu ya gari la msikiti. Kamati ikalipa matibabu, na kwa wiki zote ambazo hakuweza kuendesha ikampelekea mwenye pikipiki hesabu yake. Kisha tukamwita fundi wa umeme wa magari, mtu mzima wa hapa mjini, tukamwomba atufunze. Yanayofuata ni aliyotuonesha, nasi tunayaandika kwa sababu magari ya umri huu bado yamo katika nyua nyingi za wasomaji wetu.

Kwanza aliziondoa balbu za LED. Taa ya zamani, alisema, imeundwa kwa uzi mmoja mwembamba unaowaka katika nukta maalumu mbele ya sahani ya kuakisi. Ukiweka pale kitu chenye umbo jingine, mwanga hutawanyika kila upande: barabara haipati zaidi, bali macho ya mwenzako ndiyo yanayoupata. Akakataa pia ushauri wa pili tuliokuwa tumeupokea, wa kuweka balbu za wati mia moja. "Mnataka kuichoma swichi," akasema.

Kisha akatuuliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kulifikiri: je, umeme unaotoka kwenye betri unafika wote kwenye taa? Akawasha injini, akawasha taa, akapima. Kwenye betri mita ilisoma volti 13.8. Nyuma ya taa ya kushoto ilisoma 11.3. Volti mbili na nusu zilikuwa zimepotea njiani. Mtu ambaye si fundi ataona ni kidogo, lakini mwanga wa balbu ya uzi hushuka kwa kasi kuliko volti zenyewe: ukipoteza sehemu moja katika kumi ya volti, unapoteza kiasi cha theluthi ya mwanga. Kwa hasara yetu sisi, mwanga uliobaki ulikuwa karibu nusu tu ya ule uliopaswa kuwapo. Miaka yote hiyo tulikuwa tukizilaumu balbu, kumbe zilikuwa na njaa.

Kuutafuta mwizi hakuhitaji elimu kubwa, ila subira. Taa zikiwa zinawaka, ncha moja ya mita huwekwa kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye waya unaoleta umeme kwenye taa; kinachosomeka ni hasara ya upande wa kwenda. Kwetu ilikuwa 1.6. Halafu ncha moja huwekwa kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye waya wa ethi wa taa. Hiyo ni hasara ya kurudi, na kwetu ilikuwa 0.9. Ya kurudi ilipona kwa dakika chache. Boliti ya ethi ilikuwa imefungwa juu ya rangi na kutu, kazi ya mpiga rangi fulani wa zamani. Fundi aliufungua mfupa huo, akapiga msasa hadi chuma kikang'aa, akaongeza waya mpya wa ethi kwa kila upande na kupaka grisi juu yake ili unyevu usirudi.

Ya kwenda ndiyo iliyokuwa na kisa. Mafundi waliotangulia, Mwenyezi Mungu awasamehe, walikuwa wameyarukia yote: umeme wa taa zote nne ulipita kwenye waya mwembamba hadi kwenye swichi ya usukani, kisha ukarudi mbele. Plastiki ya swichi ilikuwa imeanza kubadilika rangi kwa joto. Dawa yake ni relei. Swichi huachiwa kazi ya kutoa amri tu, kwa umeme mdogo usiofika hata nusu ampia, na relei, ikiwa jirani na betri, ndiyo inayopitisha umeme mzito kwa njia fupi na waya mnene. Fundi alifunga tatu: moja kwa mwanga wa karibu, ambao madereva huuita dimu, na mbili kwa mwanga wa mbali, yaani fulu, moja ya taa za nje na moja ya taa za ndani. Kila moja alifungia fyuzi yake ya ampia 15 karibu kabisa na betri, na waya wa milimita mbili na nusu za eneo. Anayetaka kujifungia mwenyewe akumbuke jambo moja: katika Toyota nyingi za zamani swichi hukata upande wa hasi, si wa chanya. Pima kabla ya kukata waya wowote. Asiyepima huishia na taa zisizozimika, na betri iliyokufa alfajiri.

Baada ya hapo mita ilisoma volti 13.4 nyuma ya taa. Taa zilezile, balbu za kawaida, na ua wa msikiti ukawa mweupe. Mzee wetu mmoja aliondoka kwenye baraza kuja kuuliza tumenunua nini.

Tulinunua kitu kimoja tu kikubwa, nacho nusura kitutie tena katika kosa lile la kwanza. Taa za asili za gari hili zilikuwa za aina ambayo kioo na sahani yake vimeunganishwa kuwa kitu kimoja, na ya kulia ilikuwa imepata ufa na kufubaa ndani. Aina hiyo haisafishwi. Tulitafuta za kubadilisha, zenye balbu ya wati 60 kwa 55, na ndugu mmoja akatuletea jozi nzuri kutoka Dubai. Fundi akageuza kioo, akakitazama, akazirudisha kwenye boksi. Kule huendesha kulia. Taa iliyotengenezwa kwa ajili yao huinua mwanga upande wa kulia, ili kumulika ukingo wa barabara yao. Hapa kwetu, tuendeshao kushoto, kulia ndiko anakotokea mwenzio. Kwenye taa zenye alama ya viwango vya Ulaya, kioo cha nchi za kushoto huwa na mshale mdogo unaoelekea kulia kwa anayekitazama kutoka mbele. Kisicho na mshale ni cha nchi za kulia. Chenye mshale wa ncha mbili hurekebishwa kwa pande zote. Tumekwisha kuwaomba jamaa zetu wa Ghuba wautazame mshale huo kabla ya kufungua pochi.

Kazi ya mwisho haikugharimu chochote, nayo ndiyo inayosahauliwa zaidi. Tulilisimamisha gari mahali tambarare, mita kumi kutoka ukuta wa madrasa, magurudumu yakiwa na upepo sawa. Urefu wa katikati ya taa kutoka ardhini ulikuwa sentimita 65. Tukachora ukutani mstari wa chaki kwenye 55, maana mwanga wa karibu unapaswa kushuka sentimita moja kwa kila mita. Fundi akazungusha skrubu hadi ukingo wa juu wa mwanga ukakaa kwenye mstari, huku upande wa kushoto ukipanda kidogo. Tulipodhani tumemaliza, akaamuru watu wawili waketi kiti cha nyuma na gunia la mchele liwekwe kwenye buti. Pua ya gari ikanyanyuka, na mwanga wote ukapanda juu ya chaki. Springi za nyuma zimelegea kwa uzee. Mpaka tuzibadilishe, taa zitabaki zimeshushwa kwa kipimo cha gari lililojaa, kwa kuwa gari la wakfu haliendi tupu.

Dereva wetu naye amepewa sharti. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, kwa hesabu ya kawaida, dereva akishtuka na kukanyaga breki juu ya lami kavu atasimama baada ya mita zisizopungua 65, na mwanga wa karibu haufiki huko kwa uhakika. Kwa kilomita 50 ni kama mita 35. Hivyo ndani ya hifadhi usiku ni 50 au pungufu, hata mgonjwa akilalamika.

Wiki iliyopita, baada ya Isha, yule kijana wa bodaboda alikuja msikitini. Mtulinga umeunga, ingawa bado hauinui mkono hadi mwisho. Tulimwomba asimame barabarani mbele ya gari, ameinama kwa kimo cha mtu aliyekaa juu ya pikipiki. Fundi akawasha taa. Kijana akatazama, akasogea hatua mbili, akatazama tena.

"Ya kushoto iko sawa, sheikh," akasema. "Ya kulia bado inanigusa."

Fundi akachukua bisibisi.