Kompyuta Isiyovuma: Kujiundia Chombo cha Kunasia Sauti Nyumbani

Ilimba ya Wagogo, ambayo ni aina ya marimba ya vidole, ina jambo moja ambalo mgeni huliona kuwa ni kasoro. Fundi wake hutoboa tundu katika sanduku la mti, kisha huliziba kwa utando mwembamba utokanao na buibui. Kila ulimi wa chuma unapobonyezwa na kuachiwa, utando ule nao hutetemeka, na sauti hutoka ikiwa imechanganyika na mvumo mwembamba kama wa nyuki aliye mbali. Mjomba wangu wa Kongwa, aliyeipiga ala hiyo tangu ujana wake, husema kwamba ilimba isiyovuma ni ubao tu.

Naanza na utando huo kwa sababu ndio ulionilazimisha kuiweka kando kompyuta niliyokaa nayo miaka 13 na kujiundia nyingine kwa mikono yangu. Kompyuta ile niliinunua mwaka 2012, nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu huko Uholanzi, na kwa kazi za hesabu na uandishi haikunisumbua hata siku moja. Januari 2025 mjomba alikuja Dar es Salaam kutibiwa macho. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na nyimbo anazozijua hazijaandikwa popote. Nikaazima maikrofoni mbili, tukakaa chumbani siku mbili tukinasa.

Niliposikiliza kazi ile nilikuta madhara mawili. La kwanza ni vishindo vidogo vilivyotokea ghafla katikati ya nyimbo, mfano wa mtu avunjaye vijiti vikavu. La pili ni ngurumo ya feni ya kompyuta, chini ya kila wimbo. Nilitumia programu ya kufuta kelele, nikampelekea mjomba matokeo kwa simu. Alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akaniambia: “Mjomba, hii si ilimba yangu. Buibui umempeleka wapi?”

Alikuwa amesema kweli. Programu za namna hiyo hujifunza kelele kutoka katika kipande cha ukimya, kisha hupunguza kila sauti dhaifu inayofanana nayo. Mvumo wa utando ni dhaifu, nao umetapakaa kama ulivyotapakaa mvumo wa feni; programu haikuwa na njia ya kutenganisha kelele na muziki. Kelele yenyewe, basi, ilipaswa kuzuiwa isifike kwenye maikrofoni.

SAUTI INAPOGEUKA TARAKIMU

Maikrofoni hugeuza misukumo ya hewa kuwa umeme dhaifu unaopanda na kushuka. Kadi ya sauti huupima umeme huo mara nyingi kwa sekunde na kuandika kila kipimo kwa tarakimu. Kazi za Harry Nyquist mwaka 1928 na Claude Shannon mwaka 1949 zilitupa kanuni: ili wimbi liweze kurudishwa kama lilivyokuwa, vipimo lazima vizidi mara mbili ya idadi ya mitetemo yake kwa sekunde. Sikio la kijana mwenye afya husikia mpaka mitetemo 20,000 hivi. Kwa hiyo vipimo lazima vizidi 40,000. Santuri za kompakti zilizoanza kuuzwa mwaka 1982 hutumia vipimo 44,100. Mimi hutumia 48,000, na kila kipimo huandikwa kwa biti 24, ambazo zatoa ngazi 16,777,216 za ukubwa wa sauti.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi hesabu ifuatayo. Biti 24 ni baiti 3. Basi njia moja ya sauti yahitaji 48,000 × 3, yaani baiti 144,000 kwa sekunde. Tukinasa njia 8 kwa pamoja tutapata baiti 1,152,000 kwa sekunde, au takriban gigabaiti 4.15 kwa saa nzima. Diski ya zamani yenye sahani zinazozunguka huandika kiasi hicho bila taabu. Wingi wa habari, basi, haukuwa chanzo cha vile vijiti vilivyovunjika. Chanzo kilikuwa wakati.

Fikiria watu wanaoteka maji bombani kwa ndoo mbili. Ndoo moja inapojazwa, mchukuzi hukimbia na ile nyingine nyumbani, akaimimina pipani, na kurudi. Bomba halifungwi. Mchukuzi akichelewa hata mara moja, maji yamwagika, na yaliyomwagika hayazoleki. Ndani ya kompyuta ndoo hiyo huitwa bafa. Ikiwa bafa ni ya vipimo 256, yajaa kwa sekunde 256/48,000, ambazo ni milisekunde 5.3. Katika muda huo prosesa lazima iwe imekwisha kuishughulikia bafa iliyotangulia. Ikishindwa, sauti hukatika, nasi twasikia kishindo.

Msomaji atauliza: kwa nini basi tusitumie ndoo kubwa zaidi? Twaweza, lakini ina gharama yake. Mjomba alipoimba juu ya sehemu aliyokwisha kuipiga, alijisikia mwenyewe katika vipokea sauti vya masikioni. Kwa bafa ya vipimo 1,024, sauti hungoja milisekunde 21.3 ikiingia na 21.3 tena ikitoka, jumla karibu 43. Kwa muda huo sauti husafiri hewani mita 15 hivi. Ni kana kwamba mwimbaji amejitenga na sauti yake kwa mita 15. Mzee alivivua vile vipokea sauti akasema kuna mtu anamfuata nyuma. Nikalazimika kurudi kwenye ndoo ndogo, na hapo ndipo mchukuzi alipoanza kuchelewa.

JOTO NA FENI

Kwa nini kompyuta iliyofanya kazi barabara asubuhi ilishindwa alasiri? Kwa sababu ya joto. Ili tunase, tulikuwa tumezima feni ya darini na kufunga madirisha, na chumba kilifika nyuzi 33 za Selsiasi. Prosesa inapopata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Nilipoifungua kompyuta nilikuta vumbi limefanya blanketi juu ya kipoza joto, na ile lahamu nyeupe inayopakwa kati ya prosesa na kipoza joto imekauka kama chokaa. Nililipuliza vumbi nje, nikapaka lahamu mpya, na vishindo vikapungua sana. Mwenye kompyuta kuukuu na aanze hapo kabla hajatoa shilingi yake.

Lakini feni iliendelea kunguruma. Zaidi ya hayo, kondensa tatu katika ubao mkuu wa saketi zilikuwa zimevimba vichwa. Kondensa za aina hiyo zina kimiminika ndani, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa nusu. Halafu mfumo endeshi wa Windows 10 niliokuwa nao uliacha kupewa marekebisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na ule uliofuata haukuikubali prosesa yangu ya zamani. Ningeweza kuihamishia Linux, na baadaye nilifanya hivyo kwa kazi nyingine. Feni isingenyamaza kwa sababu hiyo.

Hapa kuna fizikia nzuri ambayo vitabu vya shule havina budi kuigusa. Kwa feni zenye umbo moja, kiasi cha hewa inayosukumwa kwa dakika hulingana na mwendo wa mzunguko ukizidishwa kwa kipenyo kilichopandishwa kipeo cha tatu. Feni ya zamani ilikuwa na kipenyo cha milimita 80. Niliyonunua ina milimita 140. Uwiano wake ni 1.75, na 1.75 kwa kipeo cha tatu ni 5.36. Maana yake, feni kubwa yaweza kusukuma hewa ileile ikizunguka chini ya moja ya tano ya mwendo wa feni ndogo. Nayo kelele hushuka upesi kuliko mwendo: mwendo ukipunguzwa nusu, kelele hupungua kwa desibeli 15 hivi. Ukiweka ndani ya hesabu pia ukubwa wa feni, ambao wenyewe huongeza kelele, faida inayobaki kwa nadharia ni karibu desibeli 20. Siku hiyo nilijilaumu, kwa kuwa somo hilo nimelifundisha miaka mingi na kompyuta yangu ikinguruma mezani.

Wapo walionishauri niiweke kompyuta chumba kingine. Ni shauri jema kwa mwenye nyumba kubwa. Waya wa maikrofoni waweza kuwa mrefu, lakini waya wa USB wa kadi ya sauti kwa kawaida hauzidi mita 5, na nyumba zetu za pwani hujengwa ili hewa ipite, si ili sauti izuiwe.

KUIUNDA

Vifaa nilivipata kidogo kidogo katika maduka ya Kariakoo, vingine vikiwa vimetumika. Sikutafuta prosesa yenye nguvu kuliko zote. Nilitafuta inayotumia umeme kidogo, wati 65, yenye uwezo wa kuonyesha picha bila kadi ya picha ya pembeni, maana kadi hiyo huja na feni zake. Kumbukumbu ya gigabaiti 16 yatosha kwa kazi yangu. Diski nilichagua isiyo na sehemu zinazozunguka. Pawa saplai nilinunua yenye uwezo unaozidi mahitaji maradufu, tena ya aina inayozungusha feni yake pale tu mzigo unapokuwa mkubwa. Kabla ya kushika kila kifaa niligusa kwanza chuma cha sanduku, ili umeme tuli wa mwilini usiharibu saketi. Lahamu ya joto yapasa kuwa kiasi cha punje ya njegere. Anayepaka kama siagi huongeza kizuizi badala ya kukiondoa.

Tulipobonyeza kitufe, hakuna kilichotokea ila feni kuzunguka. Skrini ikabaki nyeusi. Nilitoa kumbukumbu nikairudisha, nikakagua kila waya, nikaanza kumshuku aliyeniuzia ubao. Binti yangu, aliye kidato cha tatu, alikuwa ameshika tochi. Akaniuliza, “Baba, hivi vitundu vinane vya pembeni mbona viko wazi?” Ulikuwa ndio mlango wa umeme wa prosesa yenyewe. Sikumjibu, niliutafuta waya.

Jambo moja zaidi katika habari ya umeme. Kadi ya sauti ilipounganishwa, tulisikia mvumo mzito wa mitetemo 50 kwa sekunde, ambayo ndiyo mitetemo ya umeme wa gridi yetu. Kompyuta na spika zilikuwa katika soketi mbili mbalimbali, na waya wa ardhi ulikuwa umefanya mzunguko kati yake. Tuliviweka vyote katika soketi moja, mvumo ukaisha. Wapo wanaokata waya wa ardhi kwa ajili hiyo. Wanafunzi wasifanye hivyo kabisa: waya huo ndio unaomlinda mtu asiuawe na umeme sanduku la chuma linapopata hitilafu.

Desemba 2025 mjomba alirudi kwa daktari wa macho. Kwa bafa ya vipimo 128 alijisikia kama mtu aliye mita 2 kutoka kwake, wala hakulalamika. Feni haikusikika katika maikrofoni. Badala yake tulisikia yale ambayo feni ya zamani ilikuwa imeyafunika: bajaji barabarani, pampu ya maji ya jirani, mbwa, na jogoo asiyejua saa. Mwishowe tukawa tunaanza saa nane usiku na kumaliza kabla ya adhana ya alfajiri. Usiku wa tatu mzee alisikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho, akaomba urudiwe pale katikati, akainamisha kichwa. “Yupo,” alisema, kisha akaomba chai.

Tumenasa nyimbo 11. Amenihesabia saba nyingine, na amesema atakuja baada ya mavuno, mikono ikimruhusu.