Rafiki akibabaika juani, usimcheke

Asubuhi moja ya Januari nilikuwa Biashara Street, Mombasa, nikichagua leso za harusi ya mpwa wangu. Ilikuwa yapata saa sita kasorobo. Vijana wanne wenye mashanta mgongoni walipita mbele ya duka wakicheka. Waliyemcheka ni mwenzao wa tano, aliyekuja nyuma akipepesuka na kugombana na mtu asiyeonekana.

"Huyo amezidisha muguka," alisema mpita njia.

Nilitoka nikamshika mkono. Ngozi yake ilikuwa moto kama kikaango. Nilimwuliza yuko mji gani, akanijibu yuko Nakuru. Kabla sijauliza la pili, magoti yalimwishia akaanguka na shanta lake.

"Amechoka tu, daktari," rafiki yake alisema nilipojitambulisha. "Usiku hatukulala."

Ndugu msomaji, kijana yule hakuwa amechoka. Alikuwa amepigwa na joto, na maradhi hayo yanaweza kuua kwa saa chache.

Walikuwa wametoka Nairobi kwa basi la usiku, wakashuka Mwembe Tayari alfajiri. Ili kuokoa pesa hawakuchukua chumba, wakaanza kutembea na mizigo yao yote. Walizuru Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, wakapita Ndia Kuu na vichochoro vya Mji wa Kale, kisha wakavuka Digo Road. Mwenzao alilalamika kichwa wakiwa ngomeni. Baadaye alinyamaza, nao wakadhani amepona. Kumbe alikuwa anaona haya kuwachelewesha.

Kwa nini yeye?

Joto la kawaida la mwili ni kama digrii 37. Likipanda, mwili hutoa jasho, na jasho likikauka hutupoza. Lakini hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi. Jasho huchuruzika bila kukauka. Mkazi wa Nairobi, aliyezoea baridi ya mita 1,700 juu ya bahari, huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto la Pwani. Shanta zito huichosha misuli, nayo huzidisha joto, na tena huufunika mgongo usipate upepo. Kijana huyu pia alikuwa amemeza vidonge vya kuzuia kutapika ndani ya basi. Baadhi ya vidonge hivyo hupunguza jasho.

Joto la mwili likifika digrii 40, ubongo huanza kuvurugika. Hapo ndipo hatari ilipo: ubongo ambao ungemwonya mgonjwa ndio unaougua. Yeye atakwambia yu mzima. Wa kumwona ni wewe rafiki yake.

Dalili za kutazama

Mwanzo huwa ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza na mkojo kuwa mchache wenye rangi nzito. Mvueni shanta, mkalisheni kivulini, mpeni maji kidogo kidogo. Madafu ni mazuri, lakini yana chumvi kidogo, kwa hiyo ale na kitu chenye chumvi. Mnaweza pia kuchanganya lita moja ya maji safi na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa.

Akianza kupayuka, kupepesuka, kuwa mkali bila sababu, kutetemeka kwa degedege au kuzirai, hayo ni mauti yanabisha hodi. Msidanganyike kwa kuwa bado anatoka jasho.

Mzee mwenye duka hakungoja kuelezwa. "Twaa leso hizi, daktari. Bei tutazungumza baadaye." Tulizichovya ndani ya ndoo ya maji, tukamfunika kijana kuanzia shingoni hadi miguuni, tukamgeuzia feni ya duka. Leso zikipata moto, tulizichovya tena. Muuza maji alileta barafu, tukaiweka kwapani na shingoni. Wakati huo rafiki zake walikuwa wakitafuta gari. Msingoje hospitali ndipo mwanze kumpoza. Poza papo hapo, na mwendelee kumpoza njiani.

Asiyejitambua msimnyweshe kitu, kitampalia. Wala msimpe vidonge vya homa. Hivyo hutuliza homa ya maambukizi, si joto hili.

Rafiki zake waliniuliza kama ni malaria. Malaria haimshiki mtu siku aliyofika. Kwa kawaida hujificha mwilini siku 7 au zaidi tangu kuumwa na mbu. Lakini ukirudi bara ukapata homa wiki zinazofuata, mwambie daktari wako mara moja kwamba ulikuwa Pwani.

Hospitalini, baada ya kupozwa kwa nusu saa, kipimajoto bado kilionyesha digrii 39. Alilazwa siku tatu akatoka akiwa mzima. Niliporudi kulipa, mzee alizikataa pesa.

Vijana, safirini, mji huu ni wenu. Acheni mizigo mahali salama, tembeeni asubuhi na alasiri, na saa za jua kali pumzikeni kama wenyeji. Mwendo uwe wa aliye nyuma. Na yule mcheshi wenu akinyamaza ghafla, simameni mmwulize yuko mji gani.